Daiodi ya maikrowevu si ile ya kwenye oveni

Mpelekee fundi wa Katwe, Kampala, oveni ya maikrowevu inayowaka taa na kuzungusha sahani lakini haipashi chakula, hukosi kuambiwa: "Daiodi ya maikrowevu imeungua." Huenda kweli daiodi imeungua. Ila hiyo si daiodi ya maikrowevu.

Daiodi ya maikrowevu ni kifaa cha semikonduta (mada inayopitisha umeme kwa kiasi, kama silikoni) chenye miguu miwili, kilichoundwa kufanya kazi katika masafa ya takriban gigahezi 1 hadi 300. Basi. Kinachoipa jina ni masafa inayoyamudu, si sanduku ilimofungwa.

Ya oveni je? Umeme wetu wa volti 240 hupandishwa na transfoma hadi volti 2,000 hivi, kisha kapasita na daiodi huusukuma hadi karibu 4,000 ili kulisha magnetroni, kifaa kinachozalisha mawimbi ya kupashia. Daiodi hiyo huvumilia volteji ya kutisha, lakini umeme inaoushughulikia ni wa hezi 50 tu. Mawimbi ya gigahezi 2.45 yanayopasha matooke hutoka kwenye magnetroni, ambayo ni vali ya ombwe, wala si semikonduta. (Kapasita hiyo huweza kubaki na chaji hata plagi ikishachomolewa. Usiifungue oveni kwa ajili ya ubishi huu.)

Ukiitia daiodi hiyo kwenye gigahezi, itazidiwa: chaji iliyojaa kwenye maungio yake (pale semikonduta ya aina ya p inapokutana na ya aina ya n) huchelewa kuondoka, na wimbi limeshageuka mara nyingi. Daiodi za maikrowevu zenyewe ni za aina kadhaa. Ya Schottky hukwepa tatizo hilo kwa kugusanisha metali na semikonduta, hivyo hutumika kunasa na kuchanganya mawimbi kwenye vipokezi. Ya varakta hurekebisha masafa. Ya PIN huacha chaji ijae makusudi katika tabaka la kati, na kwa mawimbi hayo huwa kama rezista inayoongozwa na mkondo mnyoofu mdogo. Ndiyo swichi ya rada nyingi.

Halafu kuna ya Gunn, inayowavuruga hata waliosoma, maana shuleni tulikaririshwa kwamba daiodi hupitisha umeme upande mmoja. Hii haifanyi hivyo. Haina maungio ya p na n; ni galiamu asenaidi ya aina ya n peke yake. J. B. Gunn wa IBM alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba volteji ikivuka kiwango fulani, elektroni zake hupunguza mwendo, na kipande hicho chenyewe huanza kuzalisha maikrowevu. Bunduki za rada za trafiki na vihisio vya milango ya supamaketi vimeitegemea kwa miaka mingi. Kuitwa daiodi ni kwa sababu ya ile miguu miwili tu.

Kwa hiyo, fundi wangu, dukani omba "daiodi ya volteji kubwa ya oveni", na muuzaji atakupa unayoitaka. Ukiomba ya maikrowevu, ana haki ya kukuuliza: Schottky, PIN, varakta au Gunn?