Kipeo tasa si dhamana ya namba tasa
Wengi huamini kwamba ukichukua 2, ukaipa kipeo ambacho ni namba tasa (inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu), kisha ukatoa 1, lazima upate namba tasa. Mwanzo unashawishi kweli: kipeo 2 kinatoa 3, kipeo 3 kinatoa 7, 5 kinatoa 31, 7 kinatoa 127. Zote tasa. Lakini 11 kinatoa 2047, nayo ni 23 mara 89.

Hata Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, mwaka 1644 aliiingiza 67 katika orodha yake ya vipeo vinavyotoa namba tasa. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas alithibitisha kuwa jibu la kipeo 67 si tasa, ingawa hakupata vigawo vyake. Mwanahisabati Frank Nelson Cole ndiye aliyevionyesha mwaka 1903: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Hesabu hiyo yote aliifanya bila kompyuta, subira ya ajabu!

Kilicho kweli ni hiki: jibu likiwa tasa, kipeo nacho lazima kiwe tasa. Kwa hiyo wanaotafuta namba tasa za aina hii huacha vipeo vyote visivyo tasa. Hata 136,279,841, kipeo kilichotoa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320 mwaka 2024, kilibidi kipimwe chenyewe.