Aliyepangiwa dawa bandia haachwi aumie

Mama mmoja kutoka Kibosho alikuwa ameshashika kalamu asaini fomu ya ridhaa ya kushiriki jaribio la dawa ya maumivu, kesho yake anatolewa kizazi. Dada yake akaweka hotipoti ya mtori chini, akamshika mkono: "Usisaini. Wakikupangia maji, utalia mpaka asubuhi." Kalamu ikarudi mezani. "Maji" hayo ndiyo dawa bandia: inafanana na ile inayojaribiwa, ila haina dawa ndani. Maneno hayo hayo nimeyasikia kwa wagonjwa wa henia, wa kizazi, hata kwa vijana waliosoma, na nimechoka kuyajibu kitanda kwa kitanda.

Tuchukue mfano wa ketorolaki, dawa ya maumivu ya kunyunyiza puani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010. Ilipojaribiwa kwa watu waliopasuliwa tumbo, kundi moja lilipewa dawa, jingine dawa bandia, na yote mawili yalikuwa na morfini, dawa kali ya maumivu. Mgonjwa alibonyeza kitufe cha pampu mwenyewe, ikaingia kwenye mshipa kwa kiasi kilichowekewa kikomo. Kipimo kimojawapo kilikuwa kwenye kitufe hicho: waliopata dawa halisi walitumia morfini pungufu. Hiyo ndiyo faida tunayoitafuta, maana morfini nyingi hutapisha, hufunga choo, husinzisha, hata kudhoofisha upumuaji.

Kwa hiyo ukiumia, sema! Ukikaza meno kwa kumstahi daktari unateseka bure, na sisi tunaandika kwamba dawa imekutosha. Kujitoa ni haki yako saa yoyote, hata usiku wa manane, na matibabu yako yanaendelea kama ya wengine. Hapa Tanzania jaribio la dawa linahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Fomu isipoeleza utapewa nini maumivu yakikuzidi, usisaini. Hapo nitakuwa upande wa dada yako.

"Kidonda kiko chini ya kitovu, pua inahusikaje?" Mbona sindano ya maumivu unachomwa takoni na hulalamiki? Ndani ya pua kuna mishipa mingi ya damu. Dawa inapenya humo na kuzunguka mwili mzima, na anayetapika baada ya dawa ya usingizi ya upasuaji halazimiki kumeza kidonge.

Wengine huivuta kwa nguvu kama ugoro. Ikivutwa hivyo inateremkia kooni. Kaa wima, inamisha kichwa mbele kidogo, nyunyiza bila kuvuta.

Na hili la "ya puani haina madhara" linanitisha. Ketorolaki ni ndugu wa diklofenaki: inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuvuja damu na kuumiza figo, ipite puani au kwingine. Mwisho siku 5, ukijumlisha na sindano zake. Mwenye vidonda vya tumbo au tatizo la figo aseme mapema, na ndugu wasimletee diklofenaki ya duka la dawa kwa siri. Nimeshazikuta chini ya mto, zimefungwa kwenye pindo la kanga.