Senti 3 kwa Ekari? Weka Chini Hicho Kikokotoo

Kila unapotajwa ununuzi wa Louisiana, lile eneo kubwa la Amerika Kaskazini ambalo Ufaransa ya Napoleon iliiuzia Marekani mwaka 1803, hakosi mtu wa kutoa kikokotoo: dola milioni 15 gawa kwa ekari milioni 530, jibu senti 3, basi Napoleon alilaliwa. Kugawanya kuko sawa. Kasoro iko kwenye kinachogawanywa.

Fedha tuzimalize haraka. Mkataba wa tarehe 30 Aprili 1803 uliipa Ufaransa faranga milioni 60, yaani dola milioni 11.25, tena kwa hati fungani za riba ya asilimia 6. Benki za Baring na Hope zilizichukua kwa punguzo ili Napoleon apate taslimu. Dola milioni 3.75 zilizobaki hazikwenda kwake kabisa: zilikuwa za kufidia raia wa Marekani walioidai Ufaransa. Ukijumlisha na riba, gharama inapita dola milioni 23.

Sasa hizo ekari. Nje ya New Orleans, St. Louis na vijiji vya kando ya mito, nchi ilikuwa ya makabila ya wenyeji, Waosage, Waquapaw, Wapawnee, Walakota na wenzao, na hakuna aliyewaita mezani. Ufaransa iliuza dai: kwamba Marekani pekee, na si taifa jingine la Ulaya, ndiyo itakayopatana na wenye nchi. Chukulia shamba ambalo wenyewe wamo ndani, wanalima. Jirani anakuuzia haki kwamba siku wakiuza, wakuuzie wewe tu. Utaniambia umenunua shamba?

Kifungu cha 6 cha mkataba wenyewe kinakiri hivyo: Marekani itaheshimu mikataba ya Hispania na makabila hadi itakapopatana nayo upya. Ndipo yakaanza malipo ambayo kikokotoo hakiyaoni. Mwaka 1808 Waosage walitoa sehemu kubwa ya Missouri na Arkansas ya leo kwa taslimu dola 1,200, pamoja na bidhaa za dola 1,500 kila mwaka. Walitoa, au walitolewa? Waliambiwa kwamba asiyetia alama yake kwenye mkataba atahesabiwa adui. Waquapaw wakafuata mwaka 1818, na mikataba ya aina hiyo ikaendelea kwa miongo.

Hapa nami najikuna kichwa. "Haki ya kununua" ni lugha ya wanasheria. Mahakama ya Juu ya Marekani iliisimika mwaka 1823 katika kesi ya Johnson na M'Intosh. Nikiitumia, nasema kama mshindi, kana kwamba palikuwa na soko na muuzaji aliyekuwa huru kukataa. Naitumia kwa shingo upande, kwa sababu "kununua ardhi" ni kosa kubwa zaidi.

Hata dai lenyewe lilikuwa na walakini. Hispania ilikuwa imeirudishia Ufaransa Louisiana kwa makubaliano ya siri ya mwaka 1800, ikaahidiwa kwamba haitapewa mtu wa tatu. Mauzo yalipotiwa saini, Wahispania bado ndio waliokuwa wakitawala New Orleans. Waliikabidhi kwa Ufaransa tarehe 30 Novemba 1803, na siku 20 baadaye Ufaransa ikaikabidhi kwa Marekani.

Na mipaka? Mkataba haukuichora. Ule wa kaskazini, kwenye latitudo ya 49, ulikubaliwa na Uingereza mwaka 1818. Ule wa magharibi, na Hispania mwaka 1819. Zile ekari milioni 530 zimepimwa kwenye ramani ambayo Napoleon hakuwahi kuiona alipouza.