XAMPP imegoma kuwaka: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayejifunza PHP kwenye Windows, awe chuoni au peke yake nyumbani, mara nyingi huanza na XAMPP. Kifurushi hiki, kilichoanzishwa mwaka 2002 chini ya mradi wa Apache Friends, kinakupa kwa mkupuo mmoja seva ya Apache, hifadhidata, PHP na Perl. Siku za mwanzo unabonyeza Start, mambo yanakwenda. Kisha siku moja kinagoma, na ushauri unaanza kumiminika kutoka kwa wenzako na kwenye makundi ya WhatsApp. Mwingi ni wa kurithishana, na baadhi yake unaharibu kilichokuwa kizima.

“Imekufa hiyo, ifute usakinishe upya”

Apache isipowaka, mara nyingi yenyewe haina ubovu wowote. Poti inayoitaka, yaani mlango wenye namba unaopokea mawasiliano ya mtandao, imeshikwa na programu nyingine. Kwa kawaida Apache hutumia poti 80, na 443 kwa https. MySQL hutumia 3306. Ukifuta XAMPP ukairudisha, aliyekalia poti hajahama, kwa hiyo utakutana na kosa lilelile, safari hii ukiwa umeshapoteza muda na pengine hata hifadhidata zako.

Ujumbe mwekundu wa “Apache shutdown unexpectedly” usikuhangaishe. Huo huorodhesha kila sababu inayowezekana, basi ni sawa na kutosema kitu. Fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika:

`netstat -ano | findstr :80`

Tazama mistari yenye neno LISTENING. Namba ya mwisho kulia ni PID, yaani namba ya programu iliyoshika poti. Ifuate kwenye Task Manager, kichupo cha Details, utaona jina lake. Angalia tu usichanganye :80 na :8080, maana amri hiyo huleta zote mbili.

Ukikuta PID 4 yenye jina System, usikimbilie kusema ni kirusi, kama wengi wanavyodhani. Hiyo ni http.sys, sehemu ya kiini cha Windows inayopokea maombi ya wavuti kwa niaba ya programu nyingine. Nyuma yake mara nyingi kuna IIS, seva ya Microsoft yenyewe, inayoendeshwa na huduma iitwayo World Wide Web Publishing Service, au Reporting Services ya SQL Server, hifadhidata ya Microsoft. Amri ya `netsh http show servicestate` itakuonyesha nani anaitumia. Ukishamjua, simamisha huduma yake kupitia services.msc kama huihitaji.

Wapo bado wanaoilaumu Skype. Zamani walikuwa sahihi, kwani Skype ya kompyuta iliwahi kutumia poti 80 na 443 kupokea miunganisho. Lakini Microsoft iliifunga Skype Mei 2025, na ushauri wa kuizima ungali unazunguka.

Na ikiwa netstat haionyeshi mtu yeyote? Hapo ndipo watu hukata tamaa, wakidhani faili la error.log lililo kwenye C:\xampp\apache\logs lingewaambia. Apache ikishindwa mapema mno, kosa lenyewe linaweza lisifike kwenye faili hilo. Iwashe kwa mkono: bofya apache_start.bat ndani ya C:\xampp, au endesha httpd.exe kutoka CMD, usome kinachoandikwa mbele yako. Namba 10048 ina maana poti imekaliwa. 10013 ina maana Windows imekataa kuitoa: ama kuna aliyeishika bila kutaka kuichangia, ama imo kwenye mafungu ya poti yaliyotengwa, jambo linalotokea hasa Hyper-V, sehemu ya Windows ya kuendesha kompyuta pepe, ikiwa imewashwa. Mafungu hayo utayaona kwa `netsh interface ipv4 show excludedportrange protocol=tcp`. Kama tatizo ni mabano uliyoyasahau kwenye httpd.conf, faili la mipangilio ya Apache, `httpd -t` itakutajia hadi namba ya mstari.

Tena, hakuna sheria inayosema lazima iwe 80. Badilisha `Listen 80` iwe `Listen 8080` ndani ya httpd.conf, rekebisha na mstari wa ServerName, kisha fungua http://localhost:8080. Kazi inaendelea, na IIS inabaki na poti yake.

“MySQL ikigoma, futa ibdata1”

Ushauri huu umeua miradi ya watu wengi wiki ya mwisho kabla ya kuiwasilisha. Ubaya wake ni kwamba unaonekana kufanya kazi: ukifuta faili la ibdata1, hifadhidata inaweza kuwaka kweli. Unafungua phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata, majina ya majedwali yako yote yapo, unapumua. Unabofya jedwali moja, unaambiwa kosa 1932, halipo kwenye injini. Majina yanaonekana kwa sababu mafaili madogo ya .frm yamebaki, ila daftari ambalo InnoDB, injini ya kuhifadhi majedwali, hutumia kujua jedwali lipi liko wapi lilikuwa ndani ya ibdata1. Umelitupa.

Kwanza elewa unashughulika na nini. Kitufe kwenye paneli kimeandikwa MySQL, lakini tangu 2015 kilichomo ndani ya XAMPP ni MariaDB. InnoDB, inayotunza majedwali yako, kwa kawaida hujiponya yenyewe baada ya umeme kukatika ghafla. Kinachoumia mara kwa mara ni majedwali ya mfumo, yale yanayotunza watumiaji na ruhusa, ambayo kuanzia MariaDB 10.4 yanatumia injini nyingine iitwayo Aria. Soma C:\xampp\mysql\data\mysql_error.log, mistari ya mwisho. Ukiona “Aria recovery failed”, umeshapata jibu, na data zako huenda hazijaguswa kabisa.

Kabla ya kugusa chochote, nakili folda nzima ya data uiweke pembeni. Hatua hii usiiruke hata kama una haraka kiasi gani. Kisha badilisha jina la folda ya data iwe data_zamani, nakili folda ya backup iliyo ndani ya C:\xampp\mysql na uiite data. Kutoka data_zamani rudisha folda za hifadhidata zako mwenyewe pamoja na ibdata1, ikae juu ya ile mpya. Folda za mfumo, yaani mysql, performance_schema na phpmyadmin, ziache za backup. Watumiaji na nywila ulizokuwa umeziunda zitapotea, majedwali yatarudi. Ikiwaka, kazi ya kwanza ni kutoa kila kitu kwa Export ya phpMyAdmin, maana njia hii ni ya uokoaji, si matengenezo.

Jizoeze pia kubonyeza Stop kabla ya kuzima kompyuta. Umeme wa kukatika hautaki ruhusa yako, lakini kuzima unazima wewe.

“Bila bando localhost haifunguki”

Si kweli. Localhost ni kompyuta yako kujipigia yenyewe, kwa kawaida kwa anwani 127.0.0.1 au ::1, na mazungumzo hayo hayatoki nje ya mashine. Kinachovurugika bando likiisha ni vitu ambavyo ukurasa wako unavivuta mtandaoni, kama Bootstrap au fonti. Ukurasa unakuja ukiwa uchi, mtu anadhani seva imekufa. Pakua mafaili hayo uyaweke ndani ya mradi.

“Ni localhost, hakuna anayeiona”

Hapa watu wanachanganya anwani na seva. Anwani 127.0.0.1 haionekani na mwingine, sawa. Lakini Apache ya XAMPP haisikilizi anwani hiyo pekee. Kwa mipangilio yake ya mwanzo inasikiliza kila mtandao ulioungana nao. Kama uliiruhusu kwenye Windows Firewall siku ya kwanza bila kusoma, aliye kwenye waifai moja na wewe anaweza kuandika 192.168 na namba zinazofuata akaona kilichomo htdocs, folda inayokaa miradi yako. phpMyAdmin imezuiwa kwa wageni, ila mradi wako haujazuiwa, na root, mtumiaji mkuu wa hifadhidata, huja bila nywila. Kwenye waifai ya hosteli au mgahawa, geuza mstari wa Listen kwenye httpd.conf uwe `Listen 127.0.0.1:80`. Ukitaka kujaribu ukurasa kwenye simu yako, ulegeze kwa muda huo tu.

Mengine ni mafupi. Faili la PHP ukilibofya mara mbili halipiti kwenye seva. Ukiona anwani inaanza na file:/// ujue PHP haijahusika kabisa. Ukibadilisha php.ini, faili la mipangilio ya PHP, bila kuzima na kuwasha Apache, hujabadilisha kitu. Na kama ulijitungia jina kama mradi.dev kwenye faili la hosts, kivinjari kitakulazimisha https, kwa kuwa .dev ni ya Google na Chrome imeilazimisha hivyo tangu toleo la 63, Desemba 2017. Tumia .test, iliyotengwa kwa majaribio tangu 1999.

Kuna hili pia la “kwangu inafanya kazi, basi na huko itafanya”. Windows haijali Picha.jpg na picha.jpg, Linux, ambayo ndiyo iko kwenye seva nyingi za kukodi, inajali. Hata majedwali yanahusika: kwenye Windows, hifadhidata hugeuza majina yake kuwa herufi ndogo, hivyo swali lako la `SELECT * FROM Wanafunzi` linapita. Ukilipeleka kwenye Linux pamoja na jedwali la wanafunzi, utapata kosa 1146 kwamba jedwali halipo. Andika majina yote kwa herufi ndogo tangu siku ya kwanza ya mradi.