Kupiga mdundo pamoja na afya ya akili: maswali na majibu

Ngoma inahusiana vipi na utulivu wa akili?

Ukishika chapuo, ngoma ndogo, na mwenzako yuko kwenye vumi, ngoma kubwa, huwezi kupiga sawasawa huku fikra ziko kwenye deni la duka au foleni ya feri Likoni. Ukizama tu kwenye mawazo, mkono unachelewa na kundi zima linasikia. Mdundo wa pamoja hushughulisha sikio, mkono, mguu na pumzi kwa wakati mmoja, na hukujulisha papo hapo kwamba akili imetoka. Unarudi, unaendelea. Kurudi huko, tena na tena, ndiko mazoezi yenyewe.

Kuna ushahidi?

Upo, ingawa bado ni mchache. Mwaka 2012 Robin Dunbar na wenzake wa Uingereza walionyesha kwamba watu waliotoka kuimba, kucheza au kupiga ngoma walistahimili maumivu zaidi kuliko waliosikiliza muziki tu. Maelezo yao ni kwamba mwili hutoa endofini, kemikali inayopunguza maumivu na kuleta raha. Mwaka 2016, watafiti wa London walifuatilia watu waliokuwa wakipata huduma za afya ya akili, wakapiga ngoma kwa vikundi kwa wiki 10: dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) zilipungua kwa asilimia 38, za wasiwasi kwa asilimia 20. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama ahadi.

Mimi hata makofi hunipotea. Nitaweza?

Utaweza, na kupotea kwako kuna faida. Reinhard Flatischler, mwanamuziki wa Austria, alianza mwaka 1970 kujenga njia aliyoiita TaKeTiNa: miguu inakanyaga mdundo mmoja, makofi yanafuata mwingine, mdomo unatamka silabi. Hakuna asiyepotea. Ngoma ya katikati haisimami, wenzako hawakucheki, nawe unaingia tena pale unapoweza. Anayezoea kupotea bila kuona haya hujifunza jambo ambalo hotuba za kujiamini hazimpi.

Na ubunifu unatoka wapi?

Hapa ndipo penye uhondo. Mtu anayejihukumu kila sekunde habuni. Charles Limb na Allen Braun, mwaka 2008, walipiga picha za ubongo wa wapiga piano wa jazi wakibuni muziki papo kwa papo, wakaona baadhi ya sehemu za mbele zinazohusika na kujichunga zimepunguza kazi. Sisi tunaweza kuwatazama kina mama wa vugo arusini: pembe za nyati zinagongwa kwa vijiti, pigo halitetereki, anayeongoza anatia neno lake na wenzake wanamjibu. Pigo likiwa imara, mtu huthubutu. Nasikitika kuona vijana wengi siku hizi wakiyarekodi haya kwa simu badala ya kuingia ndani.

Tuanzeje hapa Mombasa?

Msinunue chochote. Watu sita hadi kumi wanatosha, uani au chini ya mwembe. Mmoja ashike pigo zito kwa mguu au ndoo iliyopinduliwa, wengine waingie kwa makofi mmoja mmoja. Kayamba ikiwepo, heri. Baada ya dakika kumi hivi kila mtu apewe zamu ya kupiga apendavyo, huku kundi likishikilia pigo. Malizeni kwa kukaa kimya kidogo, msikilize pumzi zenu. Adhana ikitoka, simamisheni. Na kama mtaani kuna mzee anayejua sengenya, ngoma ya jadi ya Wadigo, mfuateni kwa adabu. Huyo ana elimu kuliko video yoyote.

Nani awe mwangalifu?

Masikio kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na ngoma nyingi ndani ya chumba hupita kiwango hicho kwa urahisi. Masikio yakilia ukishatoka, sauti ilikuwa kali mno: pigeni nje. Mwenye shida ya moyo au magoti akae kitini.

Natumia dawa za sonona. Niziache?

Usiziache. Ngoma husaidiana na matibabu, haichukui nafasi yake. Kubadilisha dozi ni kazi ya daktari wako. Ukianza kuwaza kujidhuru, mwambie mtu akusindikize hospitali siku hiyo hiyo. Ukipata nafuu, rudi kwa wenzako, ukae nao hata kama hupigi.