Ati NASA ilishafungwa siku hizi ni Musk tu? Hebu tuwekane sawa

Hapa Mikindani, Mtwara, ukikaa ufukweni usiku, kuna siku utaona foleni ya taa inakatiza angani, taa ishirini thelathini zimefuatana kama siafu, kimya kabisa, alafu zinapotea. Siku tuliyoziona mara ya kwanza mzee mmoja wa kijiweni kwetu alisema hizo ni ndege za vita zinaenda Msumbiji, mwingine akasema ni majini yanahama, kijana wa bodaboda akatoa simu akagugo akasema "acheni ushamba, hizo setelaiti za Elon Musk, Starlink, jamaa kashanunua anga lote, NASA yenyewe ilifungwa zamani". Mjadala ukaanzia hapo na mpaka leo haujaisha, kila kahawa ikimiminwa unafufuka, na kila ukifufuka nasikia yale yale, nusu kweli nusu chumvi. Nimeona niyaandike ili siku nyingine mtu akianza nimpe simu asome, mie nile zangu kashata.

Tuanze na hiyo ya kufungwa. NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, haijafungwa. Kilichosimamishwa ni shuttle, ile roketi yenye mabawa kama ndege, iliyoanza kuruka 1981 na kufanya safari 135 mpaka Julai 2011. Njiani walipoteza mbili, Challenger 1986 na Columbia 2003, watu 14 wakafa, na gharama zake hazikuwahi kushuka kama walivyoahidi. Walipoisimamisha walikuwa hawana nyingine ya kubeba watu, kwahiyo kuanzia 2011 hadi 2020 Mmarekani akitaka kwenda kituo cha kimataifa cha anga anapanda Soyuz ya Mrusi kule Baikonur, Kazakhstan, na Mrusi kwa kujua huna pa kwenda akawa anapandisha nauli tu, mwishoni siti moja ilifika kama dola milioni 90. Miaka hiyo tisa ndo iliyozaa hii stori ya kufungwa. Ni sawa na mwenye duka hapa mjini fuso lake limechoka kaliuza, sasa anakodi, alafu wewe unasema duka limefungwa. Duka lipo, mzigo upo, fuso ndo halipo.

Ya pili inasemwa na watu waliosoma kabisa, kwamba zamani serikali ilijenga roketi yenyewe na sasa ndo imeyapa makampuni. Hapana bwana. Ile Saturn V iliyowapeleka watu mwezini ilijengwa na makampuni, kipande cha chini Boeing, cha kati North American, cha juu Douglas, na chombo chenyewe kilichotua mwezini kilitoka kwa Grumman. NASA ndo ilikuwa na wazo, inasimamia, na kikishatengenezwa kinakuwa mali yake. Kwahiyo binafsi walikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichobadilika ni namna ya kulipana, na hapa mniruhusu nikae kidogo maana hapa ndo penye utamu wenyewe.

Chukulia unajenga banda lako pale Chuno. Fundi yupo wa aina mbili. Kuna wa kumlipa kwa siku na vifaa juu yako, huyu kila asubuhi ana jipya, bosi sementi imeisha, bosi msingi umekuta jiwe, bosi mvua jana iliharibu tofali, na kila likitokea jambo mfuko unaotoboka ni wako, yeye posho yake iko palepale, tena kazi ikichelewa ndo anakula zaidi. Alafu kuna wa kupatana, mnakaa, anapiga hesabu, mnakubaliana bei ya kazi nzima, akikuta jiwe ni jiwe lake. Miaka mingi NASA walikuwa wanajenga kwa huyo wa kwanza, mkataba unasema gharama zote tunalipa na faida juu. Mwaka 2014 kwenye kubeba watu wakajaribu wa pili, Boeing wakapatana dola bilioni 4.2, SpaceX, kampuni ya Musk, bilioni 2.6, kazi ile ile. Wengi walijua Boeing ndo fundi mkongwe, yule mwingine dogo tu wa juzi. Mei 2020 dogo akawapandisha wanaanga wawili wakafika salama. Boeing chombo chao Starliner kikaja kupakia watu Juni 2024, Butch Wilmore na Suni Williams, safari ya kama siku nane, njiani heliamu ikavuja, vijiinjini vya kuelekezea vikaleta shida, NASA wakasema hapa hatuhatarishi mtu, kikarudi kitupu na wale wawili wakakaa juu miezi tisa mpaka Machi 2025 wakarudishwa na Dragon, chombo cha SpaceX. Boeing kwenye mradi huo wamekula hasara ya zaidi ya dola bilioni 1.5 na hawana wa kumdai, maana walipatana.

Sasa linganisha na SLS, roketi kubwa ya NASA ya kurudi mwezini, hiyo bado ni mtindo wa fundi wa siku. Mkaguzi wa NASA mwenyewe mwaka 2022 alisema safari nne za mwanzo kila moja itakula kama dola bilioni 4.1, na kwamba kwa bei hiyo hawafiki mbali. Mkaguzi wao yeye mwenyewe, sio mie.

Lakini msikimbie kusema basi kila kitu kipatanwe. Kuna kazi hakuna fundi mwenye akili timamu atakayekutajia bei kwa sababu hakuna aliyewahi kuifanya. Darubini ya James Webb ilichelewa miaka na miaka, ikala karibu dola bilioni 10, ikaja kurushwa Krismasi ya 2021 kwa roketi ya Ulaya kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Hiyo ungemwambia mtu apatane angekukimbia. Na ingekuwa imesubiri tajiri wa kuinunua mpaka leo isingekuwepo, maana inaangalia nyota za kale, nani atalipia hiyo?

Ya tatu ndo vijana wanaipenda, kwamba Musk kafanya yote kwa hela yake mfukoni bila serikali. Kweli aliweka zake, kama dola milioni 100, na roketi yake ya kwanza Falcon 1 ilianguka mara tatu mfululizo kabla ya kufika Septemba 2008, moyo huo tumpe haki yake. Ila hesabu upande wa pili. 2006 NASA walishampa hela za kutengenezea chombo cha mizigo. Desemba 2008, kampuni iko hoi, NASA wakampa mkataba wa dola bilioni 1.6 wa safari 12 za mizigo. Ngao ya joto ya Dragon imetokana na ile ya NASA. Kiwanja kimoja anachorushia kule Florida, namba 39A, ni cha NASA, ndo kile kile alikoondokea Armstrong kwenda mwezini 1969, kakodishiwa. Huyu ni kama mkulima wa korosho aliyepewa salfa ya ruzuku, akaonyeshwa shamba la kukodi, na kabla hajaokota hata debe chama kikamwambia mzigo wako wote tunao mnunuzi. Amelima kwa jasho lake, sawa, asiseme tu kwamba hakuna aliyemshika mkono.

Pale alipowazidi wote ni kwenye kurudisha roketi. Desemba 2015 kipande cha chini cha roketi yake Falcon 9 kilirudi kikasimama wima kama nguzo ya umeme, na hilo serikali haikumtuma. Zamani kila safari ni kama unaenda Dar na basi jipya, ukifika unalisukumia baharini. Sasa basi linarudi linapakia tena, ndo maana mwaka 2024 Falcon ziliruka zaidi ya mara 130, nyingi zikiwa zimebeba hizo hizo Starlink mnazoziona hapa.

Na hapohapo niseme la umbali maana kijiweni watu wanachanganya sana. Wale matajiri tuliowaona 2021 kwenye simu wanaelea, akina Bezos wa Amazon, wengi wanadhani walifika mwezini. Chombo cha Bezos kilikuwa kinapanda kama kilomita 100 na kushuka, safari nzima dakika kumi na kidogo, hiyo ni kama Mtwara mpaka Lindi mjini tu ila umeielekeza juu. Kituo cha kimataifa kiko kilomita 400 hivi, yaani karibu kuliko Dar. Starlink nyingi miaka ya mwanzo ziliwekwa kama 550, hapo ndo umefika Dar kwenyewe. Mwezi uko kilomita 384,000. Waliokanyaga mwezini ni watu 12 tu, wote wa NASA, kati ya 1969 na 1972, na hakuna kampuni iliyowahi kumfikisha mtu. Vyombo visivyo na watu ndo vimefika, kama kile cha kampuni ya Firefly kilichotua vizuri Machi 2025, na nauli kubwa ililipwa na nani? NASA.

Kununua anga wala mwezi hakuna, mkataba wa 1967 unakataza nchi kujimilikisha, na kampuni yoyote inayoruka nchi yake ndo inabeba dhamana. Tupite.

Tuje kwenye lile lenye uzito, kwamba programu za serikali zinakufa duniani kote. Mchina ana kituo chake cha Tiangong, kilikamilika 2022, na Juni 2024 akaleta udongo kutoka upande wa nyuma wa mwezi, ule ambao wewe hujawahi kuuona maisha yako yote, na hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Mhindi Agosti 23, 2023 alitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi kwa kama dola milioni 75. Zote za serikali hizo. Kama unatafuta nani kashuka kweli basi ni Mrusi, siku nne tu kabla ya Mhindi kutua, Luna-25 yake ilijibamiza mwezini, na zile nauli za siti alizokuwa anavuna kwa Wamarekani zimeshampungukia.

Kwa Marekani yenyewe, anguko la hela sio la Musk. Mwaka 1966 NASA ilikuwa inakula zaidi ya asilimia 4 ya bajeti yote ya serikali yao, leo haifiki nusu ya asilimia moja, na kushuka kulianza kabla Musk hajazaliwa, yeye kazaliwa 1971. Walikuwa wanashindana na Msovieti, mashindano yalivyokwisha na mkoba ukafungwa.

Kilichotia wasiwasi ni cha juzi juzi. 2025 Ikulu yao ilipendekeza bajeti ya NASA ishuke kutoka karibu dola bilioni 25 mpaka 18.8, na panga kubwa zaidi lilielekezwa kwenye sayansi, karibu nusu. Kupendekeza sio kupitisha, bunge lina yake, lakini wafanyakazi kama 4,000 mwaka huo waliomba kuondoka. Kubeba mizigo kampuni zitabeba, hilo halina shida. Shida ni zile kazi ambazo hazina mteja.

Na kazi hizo sisi watu wa kusini ndo tunazila kila siku. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, Mtwara watu waliambiwa wahame mabondeni, shule na ofisi zikafungwa, kikaenda kupiga Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma. Mei 2024 Hidaya ikaja, barabara ya Dar ikakatika huko Somanga, mabasi yakalala. Mara zote mbili TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, walikuwa wameshatangaza mapema, na picha za mawingu ya Afrika zinatoka Meteosat, setelaiti za shirika la nchi za Ulaya, ziko juu kilomita 36,000, na wakati huo zilikuwa zinapiga picha kila robo saa. Hakuna mvuvi wa Msanga Mkuu anayelipia bando la Meteosat. Hata ramani ya bodaboda, GPS, ni mali ya jeshi la Marekani na hujawahi kukatwa salio. Alafu ona raha yake, Meteosat mpya ya Julai 2025 ilipandishwa na Falcon 9 ya Musk. Mzigo wa serikali, fuso la mtu binafsi.

Mwingine wa hivyo hivyo ni ulinzi wa vimondo. Septemba 2022 NASA waligongesha chombo kwenye kijiwe cha angani kinaitwa Dimorphos makusudi, muda wa mzunguko wake ukapungua kama dakika 32, ikajulikana kimondo kinaweza kusukumwa. Hapo lazima atokee mtu wa Lindi aseme ndo kimondo kilichoua dinosaria wetu wa Tendaguru, yule mkubwa aliyeko makumbusho ya Berlin. Hapana ndugu yangu, wa Tendaguru aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita, kimondo kile ni milioni 66. Wetu alikuwa ameshageuka jiwe zamani. Aliyemchukua ni Mjerumani.

Kijana wa bodaboda nilivyomsomea yote haya alikubali la duka na fuso, la Meteosat likamnyamazisha, ila kwenye nani atarudisha mtu mwezini kwanza hakubali. NASA wamewapa kazi ya chombo cha kutua SpaceX, dola bilioni 2.9, na Blue Origin ya Bezos bilioni 3.4, Mchina anasema yeye kabla ya 2030 kwa vyombo vya serikali yake. Kijana kaweka vikombe vitano kwa Musk. Mzee wa majini kaweka kumi kwa Mchina, anasema Mchina hana maneno mengi. Muuza kahawa kaandika kwenye daftari la madeni.