Roma kwa miguu mwezi wa Julai: maswali kuhusu joto

Nimekulia Dar es Salaam. Joto la Roma litanifanya nini?

Linaweza kukuangusha vilevile. Mwili huzoea joto kwa wiki moja hadi mbili, na ukikaa kwenye baridi mazoea hayo hupotea ndani ya wiki chache. Mtu wa pwani aliyehamia mji wa baridi kama Oslo huanza upya. Tena mchana wa Roma ni mkavu kuliko wa kwetu: jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hupotezi maji.

Nitembee saa ngapi?

Usiihesabu saa sita kuwa ndiyo kali. Kiangazi saa za Italia husogezwa mbele, hivyo jua hufika juu kabisa mnamo saa saba na robo, na joto hupamba moto kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Colosseum na magofu ya Forum, uwanja wa kale wa mji, ambako kivuli ni haba, nenda asubuhi. Mchana ingia makanisani, kuta zake nene zina ubaridi, au lala tu. Vaa raba za soli nene. Mawe meusi ya barabarani hubaki na moto hata jua likizama, na hayako sawa. Beba kanga: inafunika mabega unapoingia Basilika la Mtakatifu Petro, na ukiilowesha inapoza shingo.

Maji kiasi gani?

Mililita 250 kila dakika 20 ukiwa juani, ila usipite lita moja na nusu kwa saa. Maji matupu yakizidi hupunguza chumvi kwenye damu, na kichwa kuuma na kichefuchefu chake hufanana na cha joto, mtu akazidi kunywa! Kula kitu cha chumvi, au changanya lita moja ya maji na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Wenye maradhi ya moyo au figo, na wanaomeza vidonge vya kukojoza, wamuulize daktari kwanza.

Usinunue chupa kila kona. Roma ina mabomba ya chuma ya mitaani yapatayo 2,500, nasoni, yaliyoanza kuwekwa 1874. Maji yake ni salama. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, yataruka kupitia tundu la juu.

Mwenzangu anaona kizunguzungu. Nifanye nini?

Mlaze kivulini, inua miguu, mloweshe, mpepee, mpe maji kidogo kidogo. Asipopata nafuu ndani ya dakika 30, piga 112, namba ya dharura.

Akianza kuropoka, kuyumba, kupata degedege au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto, yaani mwili umeshindwa kujipoza: piga 112 papo hapo. Usingoje ngozi ikauke, wengine huendelea kutoka jasho. Usimnyweshe kitu. Mmwagie maji ya bomba mwili mzima huku ukimpepea bila kuacha, na ukipata barafu iweke kwapani, shingoni na kwenye kinena. Panadol haishushi joto la namna hii.